Akili Haipimwi kwa Ratili

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, katika shule ya kutwa iliyo mashariki mwa Nairobi, aliniuliza swali lililonifanya niiweke chaki chini. Tulikuwa tukisahihisha insha. Yeye alikuwa ameandika kwamba mhusika wake "alijiwa na wazo", nami nikamwambia kuwa maneno hayo yamechakaa, atafute namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Alisimama, akajikuna kichwa, kisha akasema: "Mwalimu, kwani wazo hukaa wapi kabla halijatujia?" Darasa liliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilijua kengele ingelia kabla sijapata jibu, na ndivyo ilivyokuwa.

Nililipeleka swali hilo katika chumba cha walimu nikitaraji kwamba lingezua mjadala. Mwenzangu mmoja, mwalimu mzoefu ninayemstahi sana, hakuinua hata uso kutoka kwenye daftari alizokuwa akizisahihisha. "Unajisumbua bure," aliniambia. "Watoto wa huku hawana vichwa." Hakuna aliyempinga. Hata mimi nilinyamaza, na ni kimya changu hicho kinachonisukuma kuyaandika makala haya.

Msomaji, na tuanze na jambo ambalo kila mkaazi wa mitaa hii amelishuhudia. Panda matatu ya nambari 58 iendayo Buruburu, saa kumi na mbili unusu za jioni. Utingo ni kijana wa miaka ishirini hivi, amening'inia mlangoni. Abiria wa kiti cha tatu anampa noti ya shilingi 500 ya nauli ya watu wawili. Mama aliyempakata mtoto anampa shilingi 100 na kusema kuwa yeye anashukia City Stadium, hivyo asitozwe nauli ya safari nzima. Mzee aliyeketi nyuma anadai baki lake la tangu Muthurwa. Kijana hana kalamu wala karatasi. Noti amezipanga katikati ya vidole, sarafu zinalia kiganjani, na huku anahesabu anawaita abiria walio kando ya Jogoo Road kwa Kiswahili, anamtania dereva kwa Sheng, anamjibu mzee kwa lugha ya mama na kwa adabu zote, na jicho lake moja linamtafuta askari wa trafiki. Kila mtu atapewa baki lake bila makosa, isipokuwa pale utingo mwenyewe atakapokusudia kukosea.

Yamkini kijana huyo ni miongoni mwa wale tuliowaambia kuwa hawana vichwa. Basi hebu tuingie ndani ya fuvu lake.

Ubongo wa mtu mzima una uzani wa kilo moja na robo hivi hadi kilo moja na nusu. Kwa muda mrefu vitabu vilieleza kuwa ndani yake mna seli za neva, yaani nyuroni, bilioni 100, nasi walimu tuliikariri idadi hiyo kana kwamba kuna mtu aliyekwisha kuzihesabu. Mwaka wa 2009 mtaalamu wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, pamoja na wenzake, walichapisha hesabu yenyewe. Waliusaga ubongo ukawa mithili ya mchuzi, wakakihesabu kiini cha kila seli katika kipimo kidogo cha mchuzi huo, kisha wakapiga hesabu ya kiasi chote. Walipata nyuroni bilioni 86 hivi. Kati ya hizo, takriban bilioni 69 zimo katika serebelamu, yaani ule ubongo mdogo wa kisogoni unaoratibu mwendo wa viungo. Gamba la ubongo, ambalo ndilo makao makuu ya lugha, hesabu na mipango, lina bilioni 16 tu.

Nyuroni moja ni mfano wa mti. Juu ina matawi mengi yanayopokea habari, na chini ina mzizi mmoja mrefu, uitwao aksoni, unaozipeleka habari mbele. Inapotulia, ndani yake mna umeme hasi wa kiasi cha milivolti 70 ukilinganishwa na nje. Habari zinapoingia kupitia maelfu ya maungano, baadhi huichochea nyuroni na nyingine huizuia, nayo huzijumlisha zote. Jumla ikifika kiwango maalumu, vilango vilivyo katika utando wake hufunguka, chembe za sodiamu huingia kwa kishindo, na wimbi la umeme hukimbia katika aksoni. Mara potasiamu hutoka na utulivu kurejea. Jambo hilo lote huchukua muda wa sekunde moja kugawa kwa elfu moja, au zaidi kidogo. Hapana wimbi kubwa wala dogo: nyuroni ama hufyatuka, ama hunyamaza. Aksoni zilizovikwa mafuta yaitwayo mayelini hupitisha wimbi hilo kwa kasi inayoweza kuzidi mita 100 kwa sekunde, ilhali zile nyembamba zisizovikwa hujikokota kama matatu ya Jogoo Road mvua inaponyesha.

Mwishoni mwa aksoni mna mwanya mdogo mno, uitwao sinapsi. Umeme haurukii ng'ambo. Unapofika hapo, huzifungua njia za kalisiamu, na kalisiamu huamrisha vifuko vidogo vimwage kemikali zinazovuka mwanya na kuiamsha, au kuituliza, nyuroni ya pili. Msomaji aiweke akilini habari hii ya kalisiamu, kwa sababu tutairudia tutakapofika Dandora.

Je, ni ipi kati ya nyuroni hizo inayoijua noti ya shilingi 500? Hakuna. Kila moja ni sawa na mzee wa baraza aliyekaa gizani: anasikia minong'ono ya maelfu ya majirani, kisha anaamua kugonga fimbo chini au kutogonga. Hajui kesi inahusu nini. Fikira imo katika mpangilio wa fimbo zinazogongwa, nani anagonga, lini, na pamoja na nani. Wakuu wa elimu hii wenyewe walizozana juu ya jambo hilo. Mwaka wa 1906 Mtaliano Camillo Golgi na Mhispania Santiago Ramón y Cajal waligawiwa tuzo moja ya Nobel. Cajal alishikilia kwamba nyuroni ni seli zilizojitenga, kila moja kivyake. Golgi alishikilia kwamba ni wavu mmoja ulioshikana, na hata katika hotuba ya kuipokea tuzo hiyo aliupinga msimamo wa mwenzake. Katika umbo la seli, Cajal ndiye aliyethibitika kuwa sahihi. Hata hivyo, mtu akitaka kuelewa fikira, hawezi kuukwepa ule wavu.

Mtazame utingo wetu tena. Mwanga unaotoka kwenye noti unagonga jicho, na habari zake zinakimbizwa hadi kisogoni. Huko kundi moja la nyuroni linashughulikia mistari, lingine rangi, na mengine yaliyo mbele zaidi yanaiunganisha mistari na rangi hizo na kupata noti, uso, au kofia ya askari. Eneo la utosini linalohusika na idadi linaamka. Sehemu ya mbele, nyuma ya kipaji cha uso, inaushika ule mkumbuko mfupi, kwamba mama anashuka City Stadium na mzee anadai: nyuroni za huko zinaendelea kufyatuka hata baada ya mama kunyamaza, kama mtu anayejirudiarudia ujumbe aliotumwa asije akausahau. Wakati huo huo kuna makundi mengine ambayo kazi yake ni kuzuia, kwani lugha zote anazozijua kijana huyu huamka kwa pamoja, na sharti tatu zinyamazishwe ili moja isikike. Asipozizuia, mzee atajibiwa kwa Sheng, na hilo litakuwa balaa.

Hakuna chumba kimoja ndani ya ubongo ambamo shughuli hiyo nzima hufanyika. Nyuroni nyingi huzungumza na majirani zao wa karibu, nazo chache hupeleka aksoni mbali, hadi upande wa pili wa kichwa. Mwenye kuijua mitaa yetu ataelewa upesi. Watu wa Jericho hujuana kwa majina, vivyo hivyo wa Kaloleni na wa Makongeni, na mambo mengi huishia huko huko mtaani. Hata hivyo, habari inayoanzia Kayole asubuhi hufika Shauri Moyo kabla ya adhuhuri, kwa kuwa wapo wachache wanaopita Muthurwa kila siku. Ubongo nao una Muthurwa zake. Zikiumia, mtu huweza kuona vizuri na kusema vizuri, lakini asiweze kukiunganisha anachokiona na anachokisema.

Utingo hakuzaliwa na ustadi huo. Mwaka wa 1949 Donald Hebb wa Kanada alitoa rai kwamba nyuroni moja inaposhiriki mara kwa mara kuifyatua nyingine, maungano kati yao huimarika. Ushahidi ulipatikana mwaka wa 1973, Tim Bliss na Terje Lømo walipochapisha majaribio waliyoyafanya Oslo kwa sungura: waliichochea njia moja ya neva kwa haraka, na nguvu ya sinapsi zake ikaongezeka kwa saa nyingi. Halafu mwaka wa 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kuwa madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kuzihifadhi kichwani barabara za jiji lile, sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao, ambayo hutunza kumbukumbu za mahali, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, na kadiri mtu alivyodumu katika kazi ndivyo ilivyozidi kuwa kubwa. Sijui kama kuna aliyewahi kuwapiga picha za ubongo matingo wa Nairobi. Ningependa sana kuziona.

Sasa turudi kwenye neno la mwenzangu. Nilipolichunguza niligundua kwamba halikuzaliwa katika chumba chetu cha walimu. Lina nasaba, na nasaba hiyo ni ya jiji hili hili.

Mwaka wa 1934 daktari F. W. Vint, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya serikali ya kikoloni hapa Nairobi, alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza makala kuhusu ubongo wa "mwenyeji wa Kenya". Alikuwa amepima bongo za maiti, akapata wastani wa gramu 1276 kwa wanaume, akaulinganisha na gramu 1428 zilizosemekana kuwa za Mzungu. Alidai pia kwamba gamba la ubongo wa Mwafrika ni jembamba. Hakulinganisha mnyonge wa Nairobi na mnyonge wa London aliyekula na kuugua kama yeye. Utapiamlo na maradhi ya utotoni, ambayo kila daktari wa siku zile aliyaona kwa macho yake, hayakupewa nafasi yanayostahili katika mizani.

Na mizani yenyewe hudanganya. Albert Einstein alipofariki mwaka wa 1955, ubongo wake ulipimwa ukapatikana kuwa na gramu 1230. Kwa hesabu ya Vint, basi, Einstein angetiwa chini ya wastani wa wapagazi na vibarua wa Nairobi. Mwandishi Mfaransa Anatole France, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka wa 1921, ubongo wake ulikuwa na gramu 1017 hivi, ilhali wa mwandishi Mrusi Ivan Turgenev ulizidi gramu 2000. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba Turgenev alikuwa na akili maradufu ya mwenzake? Tembo wa Tsavo anaushinda kila mtu: ubongo wake una kilo nne hadi tano, na Herculano-Houzel na wenzake walipouhesabu ubongo wa tembo wa Afrika mwaka wa 2014 walipata nyuroni bilioni 257. Lakini karibu zote zimo katika ubongo mdogo wa kisogoni. Gamba lake lina bilioni 5.6 tu, ambayo ni kama theluthi moja ya gamba la utingo wetu.

Baada ya Vint alikuja J. C. Carothers. Huyu aliiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari tangu mwaka wa 1938 hadi 1950. Msomaji anaifahamu hospitali hiyo. Ilianzishwa mwaka wa 1910, ikapewa jina la Mathari mwaka wa 1924, na ingalipo kando ya barabara ya Thika, bonde la Mathare likiwa jirani. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia Carothers kitabu kuhusu akili ya Mwafrika katika uzima na maradhi. Humo alieleza kwamba Mwafrika wa kawaida hufanana na Mzungu aliyekatwa neva za sehemu ya mbele ya ubongo, kwa madai kwamba Mwafrika haitumii vilivyo sehemu hiyo. Ni ile ile sehemu ambayo utingo huitumia kumkumbuka mama wa City Stadium. Na aliyatoa wapi maoni hayo? Kwa kiasi kikubwa, kwa kuwatazama wagonjwa waliofungiwa Mathari, kisha akawapaka kabila zote za bara zima rangi moja.

Haya hayakubaki maktabani. Mwezi wa Aprili 1954 majeshi ya Kiingereza yaliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, yakaingia katika mitaa ya Waafrika, Bahati, Kaloleni, Pumwani na mingineyo, wakaazi wakatolewa nje na kukaguliwa, na maelfu wakapelekwa Manyani na Mackinnon Road. Mwaka huo huo Mpiga Chapa wa Serikali alitoa ripoti ya Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Mtu aliyenyang'anywa shamba, akanyimwa mshahara wa kutosha na kulazimishwa kubeba kipande shingoni, alielezwa humo kana kwamba taabu yake imo kichwani mwake, na kukusanywa kwa watu katika vijiji kukapigiwa debe kama sehemu ya tiba. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa tabibu wa akili, aliyajibu maandishi hayo kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka wa 1961. Nchini Nigeria, Adeoye Lambo aliyajibu kwa njia ya upole zaidi: aliwatibu wagonjwa wake wakiishi na jamaa zao katika vijiji vilivyo karibu na hospitali ya Aro, na baadaye akapanda hadi cheo cha naibu wa mkurugenzi mkuu wa shirika lile lile lililokuwa limemchapisha Carothers.

Ni kinaya kikubwa, basi, kwamba miaka mingi baada ya bendera kupandishwa, mwalimu Mwafrika anaweza kuketi Eastlands akinywa chai na kutamka hukumu ya Carothers bila kumjua Carothers.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba ubongo wa mtoto wa huku hauwezi kuathirika. Unaathirika, na chanzo chake kimoja kina anwani. Dampo la Dandora lilifunguliwa katika miaka ya sabini, na kufikia mwaka wa 2001 lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa. Mwaka wa 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika jiji hili hili, lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na dampo hilo. Takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiasi kilichovuka mikrogramu 10 kwa desilita, ambacho ndicho kiwango cha tahadhari kilichotumika wakati huo. Tangu hapo kiwango hicho kimeteremshwa nchini Marekani mara mbili, kikafika 5 mwaka wa 2012 na 3.5 mwaka wa 2021, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hapana kiasi chochote cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Hapa ndipo ile kalisiamu inaporudi. Risasi hujifanya kalisiamu. Hupenya katika njia zile zile, ikavifanya vifuko vya kemikali vimwage wakati visipoamriwa na vinyamaze wakati vinapoamriwa. Aidha huziba mlango mmoja maalumu wa sinapsi, ule ambao hufunguka ili maungano yaimarike kama Hebb alivyosema. Mtoto mwenye risasi damuni haonekani mgonjwa. Anasahau. Hatulii. Anashindwa kulishika swali hadi mwisho. Mwalimu asiyejua humwita mzembe, naye mwenye ulimi mwepesi husema hana kichwa. Na risasi haikutoka dampo pekee: mpaka mwanzoni mwa mwaka wa 2006, petroli yenye risasi ilipokomeshwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara, kila gari lililopita Jogoo Road lilikuwa likiitawanya hewani, na baadhi yetu tunaofundisha leo tulikua tukiivuta.

Hata hivyo, ubongo wa kijana haujakamilika. Utotoni sinapsi huchipuka kwa wingi kupita kiasi, kisha zile zisizotumika hupogolewa, na sehemu ya mbele ndiyo inayochelewa kukomaa, hadi mtu apitapo miaka ishirini. Kidato cha pili kizima, kwa hiyo, ni shamba ambalo bado linapogolewa. Chakula cha mchana, usingizi wa kutosha, kitabu cha kusoma na mwalimu anayengoja jibu badala ya kulikatiza ni mambo yanayoingia moja kwa moja katika uamuzi wa tawi lipi libaki na lipi likatwe.

Nilimrudia mwanafunzi wangu wiki iliyofuata. Nilimweleza kwamba wazo halikai mahali, kwamba kabla ya kuwapo lilikuwa ni uwezekano tu katika maungano kati ya nyuroni zake, na kwamba kila alichokisoma na kila mtu aliyemsikiliza alikuwa ameyagusa maungano hayo. Alifikiri kidogo, kisha akauliza kama moshi nao huyagusa. Nikamwambia ndiyo.

Mwezi wa Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru kwamba dampo la Dandora lihamishwe katika muda wa miezi sita. Miezi hiyo iliisha Januari 2022. Darasani kwetu, upepo unapovuma kutoka upande wa mto, mwanafunzi aliye karibu na dirisha huinuka bila kuambiwa, akalifunga, nasi tukaendelea na insha.